Mkono wa Kushoto wa Daktari Chebet

Vijana wangu, mteja akiingia gereji akasema pikipiki inamuumiza, kitu cha kwanza ni kuweka spana chini. Najua mikono inawawasha. Yangu pia iliwasha miaka yote niliyokaa pale Lanet, barabara ya Dundori inapoachana na ile kubwa ya kwenda Nairobi. Lakini ukishika spana mapema, unaanza kujibu swali ambalo bado halijaulizwa. Iweke chini. Muulize mtu anaumwa wapi, muulize tena, halafu ufunge mdomo umsikilize. Mimi sikuufunga, na karibu nimharibie mtu kazi yake. Ndiyo maana nawasimulia haya, si kwamba nimekosa la kufanya. Nina ng'ombe mmoja na sukuma wiki, na vyote viwili vina maneno mengi.

Wengi wenu mnanijua kama Fundi Pembe. Kuna wanaodhani ni kwa sababu ya kichwa changu kigumu, na mke wangu hajawahi kuwarekebisha. Pembe ni usukani wa pikipiki, basi. Jina hilo alilileta Mzee Barasa, aliyenifunza kazi. Alikuwa akisema pikipiki ni fahali, ukitaka ikusikie unaishika pembe. Injini nilifungua, breki nilifunga, tairi nimeziba mpaka sina hesabu, lakini kilichowatoa watu Molo na Olkaria wakaja kwangu ni pembe. Mtu anafika shingo imekakamaa, anageuka mwili mzima kukusalimia, na mimi namwambia, "Shuka kwanza, boss, tuone nani anaendesha nani."

Barasa alikuwa na njia moja ambayo hamtaipata kwenye simu zenu. Alikuwa anamkalisha mteja kwenye benchi la mbao, anamwambia, "Funga macho. Sasa shika pikipiki ambayo haipo." Mtu anacheka kwanza, maana anajiona mjinga. Halafu anafunga macho, ananyoosha mikono, na mikono inaenda yenyewe pale inapotaka kukaa. Barasa anachukua uzi, anapima kutoka bega mpaka ngumi, kutoka ngumi moja mpaka nyingine, anaandika ukutani kwa kaa la moto lililozimika. "Pikipiki ni ya kiwanda," anasema, "lakini mikono ni ya mama yako. Kiwanda hakikumuuliza mama yako."

Ukuta wa gereji yake ulijaa mikono ya watu wa Nakuru nzima.

Na alikuwa na neno lingine, hili mlishike. "Njoroge, usukani ukikaa sawa, mwenyewe anausahau. Kama bado anaukumbuka, hujamaliza." Wakati ule niliona ni maneno ya mzee. Nilitaka kusikia mteja akisema asante, nikidhani hapo nimemaliza.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kelele, na makosa ya kelele ni mazuri, yanakufunza haraka. Kuna kijana wa Molo aliyekuwa akibeba mboga, mrefu kama mti wa stima, magoti yanagonga mikono ya usukani kila akikata kona. Nikamfungia pembe ndefu zilizosimama. Alizipenda! Alijiangalia kwenye kioo cha duka la jirani kama bwana harusi. Sikujali kwamba ukiinua pembe, kebo zinakuwa fupi. Akawasha, akageuza kushoto kabisa ili aondoke, kebo ya akseleta ikavutika, na pikipiki ikanguruma yenyewe ikaondoka naye kabla hajaiambia iondoke. Iliishia kwa mathe mmoja, mama muuza karoti, ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeumia isipokuwa karoti. Mathe alinitazama mimi, si kijana, akasema, "Fundi, umeiambia nini hiyo pikipiki?"

Kwa hiyo, ukibadilisha pembe, usimpe mtu pikipiki kabla hujafanya hivi: iache injini ikinguruma, zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, pole pole, na usikilize. Sauti ikipanda na hakuna aliyegusa akseleta, kebo inalia. Badilisha kebo au shusha pembe. Angalia na mpira wa breki, usiwe umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Angalia usukani usiguse tangi. Na ukikaza zile bolti za kibano kinachoshika usukani, kaza moja kidogo, nenda kwa nyingine kidogo, urudi. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, kibano kinauma upande mmoja, na siku ya shimo pembe zitainama mbele zimwache mwenyewe akisujudu.

La pili lilikuwa la aibu zaidi. Mteja alitaka pembe ziongezwe urefu, mimi nikachukua kipande cha bomba la maji nikachomelea. Nilikuwa nimejifunza kuchomelea juzi juzi, kila kitu nilitaka kukichomelea. Lilikatika akipanda mlima wa Dundori, akabaki ameshika kipande kama mtu aliyevunja muwa. Bahati yake alikuwa anapanda, hakuwa anateremka. Barasa hakupiga kelele. Aliuchukua ule muwa wangu, akautundika msumarini juu ya mahali nilipokuwa nikifanyia kazi, ukakaa hapo mpaka akastaafu. Usukani ukichomelewa, usimpe mtu auendeshe. Hilo sina mzaha nalo hata leo.

Sasa nije kwa Daktari Chebet.

Alikuja asubuhi ya baridi, koti kubwa, glavu, buti za mpira, na nyuma ya pikipiki amefunga mtungi wa chuma. Mwanamke mfupi, mwepesi, anaongea kama mtu ambaye kuna mahali anangojewa. Na kweli alikuwa anangojewa. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu, na mbegu zenyewe ndizo zilikuwa ndani ya ule mtungi, katika baridi kali ajabu. Alikuwa ameajiriwa na chama kimoja cha wafugaji, na sehemu yake ilikuwa miteremko yote ile ya juu kuelekea Dundori. Kwa nyinyi wa mjini ambao mnajua maziwa ya pakiti tu: ng'ombe akipata joto, anataka dume kwa muda mfupi. Daktari akichelewa, au akiweka mbegu vibaya, mwenye ng'ombe anakaa wiki tatu akingoja joto lingine, na anakulaani wiki zote tatu.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo upande ule. Mzee mmoja alimwambia siku ya kwanza, "Msichana, ita daktari basi tuanze." Akamjibu, "Ameshafika, mzee. Shika mkia." Nilipoisikia hiyo nikampenda hapo hapo.

"Fundi," akaniambia, "hii pikipiki inaniua bega. La kushoto. La kulia liko sawa kabisa. Nikifika kwa ng'ombe, mkono ushachoka, hauna nguvu, vidole vinakufa ganzi. Na mimi nategemea vidole."

"Keti juu nikuone."

Akaketi. Mikono ikanyooka kabisa kufikia pembe, mabega yakaenda mbele. Mimi huyo, spana mkononi.

"Shida naiona, daktari. Hii ilitengenezewa mwanaume mrefu. Mikono yako haifiki."

"Sawa. Lakini mbona kulia hakuumi?"

Swali zuri namna gani! Nikalijibu bila hata kupumua. "Kushoto ndiko kuna klachi. Unaikamata siku nzima kwa hizo kona za Dundori." Lilikuwa jibu lenye akili, na ningekuwa mwanafunzi ningepewa alama zote. Kasoro yake ni kwamba halikuwa kweli.

Nikatoa pembe za kiwanda, nikazitundika msumarini, nikamfungia nyingine zinazorudi nyuma kumfuata mwenyewe. Nikamfungisha macho kwenye benchi kama Barasa, nikapima, nikamlainishia kebo ya klachi kwa oili, nikasogeza mkono wa klachi karibu na vidole. Kazi safi. Akaketi, akatabasamu, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye nikamwona anapita, nikampigia mluzi.

"Daktari! Bega?"

"Afadhali, fundi. Afadhali kidogo."

Vijana, sikieni. "Afadhali" si jibu. "Afadhali" ni vile mtu mwenye adabu anakwambia umeshindwa. Mkeo akikuuliza chakula na wewe ukasema ni afadhali, utajua. Lakini mimi nilitaka kusikia nimefaulu, na mtu anasikia anachotaka.

Aliporudi, nilikuwa na wazo la pili. Ni ule mtungi, nikasema. Uko nyuma yake, unamsukuma juu ya tangi, anakunja mgongo, bega linabeba. Hili linatokea kweli, na mlikumbuke: ukimpimia pembe mtu anayebeba viazi vya Molo, mpime akiwa na gunia nyuma, kwa sababu gunia ndilo linakaa na mwenyewe anaenda anakosukumwa. Nikafunga pembe za pili, zimeinuka ili akae wima. Nikazungusha kushoto, nikazungusha kulia, nikasikiliza, kebo hazikulia. Nilijipongeza.

"Afadhali," akasema tena, siku nyingine, na hakuniangalia machoni.

Mara ya tatu nikasema ni upana. Mabega yake membamba, pembe pana, mikono imetanuka kama mtu anabeba meza. Nikafunga pembe nyembamba. Sasa ukutani nilikuwa na za kiwanda, na chini ya benchi nilikuwa na jozi mbili zilizokataliwa, na bado nilikuwa na uhakika. Ajabu ya uhakika ni kwamba hauchoki hata ukiukosoa mara tatu.

Aliporudi mara ya nne hakuzima hata pikipiki kwanza. Alikaa juu yake, koti limefungwa mpaka kidevuni, akaanza kuongea akiangalia taa ya mbele.

"Ng'ombe watatu wamerudi, fundi. Watatu mwezi huu. Niliwapandisha mimi, wakapata joto tena. Wenyewe wamepiga simu kwa chama. Nimepewa muda mpaka hii mvua iishe. Wakirudi wengine, narudishwa duka la chama, kwenye kaunta, niuze dawa ya kupe."

"Kaunta si kazi mbaya," nikasema, kijinga.

"Si mbaya." Akazima pikipiki. "Lakini unajua watasema nini huko juu? Watasema, 'Si tulisema?' Na msichana mwingine akija baada yangu, hata mkia hawatamshikia."

Macho yalikuwa yamejaa maji lakini hayakudondoka. Huyu mtu aliniletea bega moja, mimi nikambadilishia vyuma vitatu. Nikaweka spana chini. Mara ya kwanza kwa miezi mingi, nikaiweka chini kabisa, na nikajiuliza lile swali lake: kwa nini kushoto tu?

Kama ni urefu wa mikono, mikono yote miwili ni mifupi. Kama ni mtungi, mtungi unasukuma mgongo wote. Kama ni upana, upana una pande mbili. Ilibaki klachi, na klachi nilikuwa nimeilainisha mpaka mtoto angeikamata kwa kidole kimoja.

"Daktari," nikamwambia, "kesho una ng'ombe wangapi?"

"Wanne hivi, wakipiga simu wote."

"Kesho mimi nitaendesha. Wewe utakaa nyuma, mkono wa kushoto usiguse pikipiki kabisa. Nataka kujua hii pikipiki inakufanya nini."

Akanitazama kana kwamba nimetoka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. "Fundi, na gereji?"

"Gereji haina miguu. Nitaikuta."

Basi tukaenda. Mimi mbele kwenye zile pembe nyembamba, magoti yakinigonga viwiko, yeye nyuma, mtungi tukaufunga kwenye kerea, kile chuma cha mizigo cha nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi na sikuona ila tope na mgongo wa punda. Watu walishangaa. Mama mmoja akauliza, "Daktari, leo umeletwa na babako?" Chebet akasema, "Huyu ni fundi, ana wasiwasi na pikipiki." Ilikuwa kweli kabisa.

Ng'ombe wa kwanza sikuona kitu. Nilibaki na pikipiki, nikiangalia kebo kana kwamba zitaniambia. Wa pili, hivyo hivyo. Tulipoondoka hapo nikamuuliza bega, na nikamwambia, "Usiseme afadhali."

Akacheka kidogo. Halafu akasema pole pole, "Linauma, fundi. Linauma kuliko jana."

Nikasimamisha pikipiki pale pale katikati ya barabara, punda wa watu anapiga honi yake nyuma yetu. Tangu asubuhi hakuwa amegusa klachi, na pembe hakuwa amezishika, si za kiwanda wala zangu. Na bega lilikuwa linauma kuliko jana. Niliona aibu, lakini niwaambie ukweli, niliona na furaha kidogo, ile furaha ya fundi akisikia mlio umehamia mahali pengine. Sote wawili tulikuwa tumekubaliana kwamba pikipiki inachosha mkono kabla ya ng'ombe. Kumbe inaweza kuwa kinyume.

Kwa ng'ombe wa tatu niliiacha pikipiki nikaingia naye bomani.

Alikuwa ng'ombe mkubwa mweusi na mweupe, amefungiwa kwenye kizimba cha mbao, na boma lenyewe liko kwenye mteremko, kichwa cha ng'ombe kimeelekea mlimani, na anayesimama nyuma yake anabaki chini zaidi. Chebet akavaa glavu ndefu ya plastiki, ile inayofika begani. Mkono wa kushoto. Ule wa kulia unashika kile kijiti chembamba chenye mbegu, kwa hiyo wa kushoto ndio unaoingia ndani ya ng'ombe kutafuta njia kwa vidole. Na ng'ombe ana nguvu, anakubana. Yeye amesimama kwa ncha za buti, mkono umepanda juu kuliko bega lake, kichwa amelaza kwenye tako la ng'ombe, macho amefunga. Amesimama hivyo dakika kwa dakika, anatafuta.

Macho amefunga, mkono umenyooka. Nilikuwa nimemwona hivyo hivyo kwenye benchi langu! Nikasikia sauti ya Barasa: kiwanda hakikumuuliza mama yako. Huyu mtoto tatizo lake lilikuwa kufika, nilikuwa sahihi siku ya kwanza. Alikuwa hafiki. Ila mimi nilipima mwanamke na pikipiki, sikupima mwanamke na ng'ombe. Niliona amekuja juu ya pikipiki nikadhani maisha yake yote yako juu ya pikipiki.

"Daktari," nikasema, "wenzako wanaume wa hii kazi ni warefu?"

"Wengi, eeh."

"Na wakisimama hapo, mkono unaingia wapi?"

Akafungua macho. Akautazama mkono wake ulivyopanda juu ndani ya ng'ombe. "Unaingia umelala," akasema. "Sawa na bega." Halafu akasema kitu kwa Kikalenjin ambacho sikukielewa na sikuuliza.

Sasa, pembe za pikipiki zikiwa mbali na mtu, unazirudisha. Ng'ombe hana bolti. Asiyeweza kushushwa, unamwinua mwenzake. Nikachukua kreti tupu ya soda pale ukutani, nikaiweka chini kwa ng'ombe wa nne, boma la jirani. Chebet akapanda, kreti ikateleza kwenye tope, ng'ombe akaruka, sisi wote tukaruka. Kona nne za kreti kwenye mteremko hazikubaliani, moja lazima ining'inie. Mama wa boma alikuwa ameketi pembeni akicheka, na nikaona alichokalia. Kile kistuli cha kukamulia, cha miguu mitatu. Alikuwa ameketi kwenye mteremko ule ule, kwenye tope lile lile, na hakikutikisika hata kidogo.

"Mathe," nikamwambia, "hebu inuka kidogo nione kitu."

Kilikuwa kifupi mno kwa kazi yetu, lakini kilikuwa kimenipa jibu.

Nilirudi Lanet nikaangalia chini ya benchi. Jozi mbili pale, na ya tatu nikaifungua kwenye pikipiki yake. Nikashusha za kiwanda kutoka msumarini, nikazirudisha mahali pake, nikazizungusha nyuma kidogo tu, upana wa kidole. Zilikuwa karibu sawa tangu siku ya kwanza. Pembe tatu zangu, zile zote nilizokuwa na uhakika nazo, nikazikata, kila moja ikatoa mguu, futi moja na kidogo, umekunjika kwa nje kama mguu wa mtu anayejua kusimama. Juu nikaweka bamba la chuma lenye vipele ili buti zisiteleze. Chini ya kila mguu nikafunga kipande cha tairi. Halafu nikavaa miwani, nikachomelea.

Ndiyo, nilichomelea usukani. Niliwaambia ukichomelewa usimpe mtu auendeshe. Huyu hakuwa anauendesha, alikuwa anaukanyaga. Mzee Barasa alikuwa ameshastaafu, angekuwepo angetafuta msumari.

Stuli ile ilikuwa inaingia kwenye kerea kando ya mtungi. Siku ya kwanza mwenye ng'ombe mmoja alimuuliza kama amekuja kukamua. Wa pili akauliza kama amekuja kuhubiri. Aliwajibu wote, "Shika mkia."

Mimi sikumuuliza bega. Nilikuwa nimejifunza kuogopa lile neno lake. Akipita Lanet nilikuwa nainua mkono tu, naye anainua wake, wa kulia, sikuweza kujua lolote. Mvua ikaisha. Nilikuwa nahesabu wiki tatu tatu kama mwenye ng'ombe. Kila niliposikia pikipiki inapunguza mwendo nilidhani anakuja kuniaga. Lakini alizidi kupita, asubuhi na mchana, mtungi na stuli nyuma. Mwanamume mmoja wa kazi hiyo hiyo, wa upande wa Molo, mrefu tu, akaja kuniomba nimtengenezee ya kwake. Nikamuuliza ni nani amemwambia. Akasema, "Yule madam. Ng'ombe zake hazirudi."

Nikamkalisha kwenye benchi la Barasa, nikachukua uzi.

Hayo yamepita. Mimi nikastaafu, spana zangu mnazo nyinyi, na naomba ile namba kumi na mbili msiipoteze. Nikanunua huyu ng'ombe mmoja. Majuzi aliamka akilia, hataki majani, anapanda ukuta. Nikapiga simu. Chebet akafika kwa pikipiki ile ile, pembe za kiwanda, nikaziangalia kwanza kabla sijamsalimia, ugonjwa huo hauponi. Akashusha stuli. Rangi imeisha kabisa, lakini kwenye miguu bado unaona zile alama za meno pale kibano kilipokuwa kikiuma chuma.

"Shika mkia, mzee," akaniambia.

Nikashika. Akapanda, akavaa glavu, mkono wa kushoto ukaingia umelala sawa na bega, macho yakafungwa. Nilikuwa nimejizuia miaka yote hiyo. Nikashindwa.

"Daktari, mkono unaendeleaje?"

Hakufungua macho. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za mgeni.

"Mkono gani, mzee?"